KANGOMBA WA VIWANJA: STAA ANAIUZA MTWARA KWA PICHA ZA MALDIVES

Wiki hii Insta imechafuka tena. Staa mmoja wa kike wa hapa mjini, yule wa kope ndefu na gari jipya kila baada ya miezi sita, kaachia video kavaa gauni jeupe na kofia ya ukindu, kasimama chini ya mkorosho, mkono mmoja kiunoni. Anasema kwa sauti ya kudeka: "Wapendwa wangu, huku ardhi imelala. Njooni tuiamshe." Chini ya video kuna namba ya simu na maneno haya: viwanja vya beach, Mtwara, Mpapura na maeneo jirani, Bali mpya ya Afrika, ishirini kwa ishirini, milioni moja na laki mbili tu, lipa kidogo kidogo.

Ukisogeza picha inayofuata unakutana na vibanda vya makuti vimesimama juu ya maji ya buluu, vimeunganishwa na daraja la mbao, na mzungu mmoja kalala kwenye bembea. Hiyo ni Maldives, bana. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri zamu ya kusukwa saluni huku anatazama kalenda ukutani anaijua picha hiyo. Lakini komenti zinamiminika. "Mama nisevie viwili." "Mimi nipo Kahama, natuma kwa M-Pesa?" "Mungu akuzidishie kwa kutufungua macho." Kijana mmoja tu ndiye aliyeuliza swali la maana: hiyo beach ya Mpapura ipo upande gani? Akapigwa bloku kabla swali halijapata laiki ya pili.

Mpapura ni kata ya Mtwara Vijijini. Watu wa pale wanaishi kwa korosho, muhogo na vitu vidogo vidogo vya shambani, kama wenzao wengi wa mkoa ule. Mtu wa mjini akiingia shamba la mikorosho mwezi wa pili anaona miti, majani na kimya, anadhani amegundua pori. Hajui kwamba pale pamepaliliwa, pakapulizwa salfa wakati miti inaanza kuchipua na kutoa maua, na kwamba kuanzia mwezi wa kumi wanawake na watoto watakuwa wameinama toka asubuhi wanaokota. Kusema ardhi hiyo imelala ni sawa na kupita Kariakoo Ijumaa saa saba mchana, ukakuta duka limefungwa mwenyewe kaenda kuswali, ukaanza kutafuta mnunuzi wa duka.

Huko kusini wana neno moja ambalo mashabiki wa staa huyu wangelijua wangekuwa wameshamkimbia. Kangomba. Kangomba ni yule mtu anayekuja kijijini wakati wa njaa, kabla ya msimu, mzee hana hela ya salfa, mtoto anadaiwa ada. Anakupa vihela vyako, na korosho ikiiva ni yake, kwa kipimo chake na bei yake. Msimu wa 2018, serikali ilipoagiza korosho inunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaingia kazini kubeba mzigo, kangomba walisakwa kijiji kwa kijiji. Mtu ukijulikana ni kangomba ulikuwa humalizi siku vizuri. Sasa kangomba amerudi. Kabadilisha nguo tu, kaweka kope, na safari hii hataki korosho, anataka na mti.

Angalia anavyofanya kazi. Staa hanunui mwenyewe, ana dalali. Dalali haanzi kijijini, anaanzia Mbagala, maana anajua vijana wa kusini wamejaa kule. Anamtafuta kijana ambaye mchongo umegoma, kodi ya chumba inamsumbua, anamuuliza kwenu Mtwara mna shamba? Kijana anasema lipo la bibi. Basi. Biashara inafungwa kwenye meza ya chipsi, karatasi inaandikwa kwa mkono, shahidi ni muuza chipsi. Hela nusu leo, nusu "hati ikitoka".

Moja ya biashara hizo imefika mwisho wake mwezi uliopita. Bibi alisikia mlio wa msumeno shambani akadhani wanakata mti wa jirani. Alipofika akakuta miti mitatu iko chini na vijana wanapima kwa kamba. Akaomba simu ya mtu, akampigia mjukuu.

"Mjukuu wangu, hawa watu wanasema wamekununulia wewe. Wewe umewauzia nini?"

"Bibi, ile sehemu ilikuwa haina kazi."

"Haina kazi? Wewe ulisoma kwa nini?"

Kijana akakata simu. Halafu akaizima kabisa.

Wapo wanaosema kosa ni la kijana, staa ametangaza tu, ni matangazo kama ya sabuni. Haya, tupige hesabu, tena ya darasa la saba. Chukulia dalali amechukua ekari moja kwa laki nane. Ekari moja inatoa viwanja kama kumi vya ishirini kwa ishirini, toa njia vibaki vinane. Vinane mara milioni moja na laki mbili ni milioni tisa na laki sita. Sasa geukia kwa bibi. Ekari iliyopandwa mikorosho kwa nafasi ya mita 12 ina miti kama 28. Mti uliotunzwa ukitoa kilo saba tu, hizo ni kilo 196. Kwa bei ile ile ya 3,300 ya mwaka 2018 ni shilingi 646,800 kwa msimu, kabla ya kutoa salfa na makato. Yaani misimu miwili bibi anaipita bei aliyouziwa shamba lake, na mti ule ulikuwa bado una miaka mingi ya kuzaa, pengine kuliko hata umri wa mjukuu. Tangazo la sabuni halimuachi mtu bila shamba.

Halafu kuna mambo ya sheria, ambayo kwenye video yalipitishwa kwa maneno mawili tu, "hati ipo". Hati gani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uidhinishe. Mkutano Mkuu ni watu wazima wote wa kijiji, pamoja na huyo bibi. Hati inayotolewa pale ni hakimiliki ya kimila. Mtu wa Kahama aliyetuma hela kwa simu bila kijiji kukaa kikao amenunua stori. Na kule kusini kuna jambo jingine ambalo dalali wa mjini halijui au anajifanya halijui: kwa Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama. Mjukuu hajiamkii tu akauza. Kuna wajomba, kuna mama wadogo, kuna watu ambao hawapo hata kwenye simu yake. Kesi itakayotoka hapo mnunuzi ataizeekea.

Staa anasema pia anatafutia "wawekezaji wa nje" viwanja. Hapo ndipo pa kuangalia vizuri. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu maalumu, na ardhi ya kijiji lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya kawaida, jambo linalofika mpaka kwa Rais. Kwa hiyo njia ya mkato ni ile ile ya huko huko Bali anakokutamani. Indonesia nayo mgeni hapati umiliki kamili, ndiyo maana wengine wanatumia jina la mwenyeji, mpenzi au mfanyakazi, kisha mapenzi yakiisha wanaanza kulia mahakamani. Na mashamba ya mpunga yaliyofanya watu waipende Bali ndiyo hayo yanageuzwa majumba ya kupangisha. Staa kaenda Bali mara mbili, kapiga picha mara mia tatu, hilo hakuliona.

Kwa beach yenyewe, ukweli ni kwamba Mtwara ina bahari ya kumfanya mtu anyamaze. Msimbati na Ruvula kuna mchanga ambao gari linapita juu yake, na miamba ya matumbawe iko karibu na pwani. Nyangumi hupita kati ya Julai na Novemba. Mwishoni mwa ukoloni kuna Mwingereza mmoja aliipenda Msimbati mpaka akajitangaza sultani wake, hata yeye angeogopa kuiita Bali. Lakini eneo lile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, lipo kisheria tangu mwaka 2000, kilomita za mraba 650, na ndani yake kuna vijiji vya wavuvi ambao wao wenyewe wanabanwa nyavu gani watumie na wapi wavue. Ujenzi mle una vibali vyake. Nje ya hifadhi bado Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sasa mvuvi wa Msimbati anabanwa nyavu, halafu mtu wa kope anauza "mita tano kutoka kwenye maji"? Kwa kibali cha nani?

Na watalii wanaoahidiwa kesho asubuhi watatoka wapi? Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma wakashambulia Kitaya. Machi 2021 Palma, upande wa pili wa mto, ikawaka moto. Tangu hapo Uingereza imekuwa ikiwaambia raia wake wasisogee ndani ya kilomita 20 za mpaka wa Msumbiji bila ulazima. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikakata barabara ya kusini pale Somanga, mabasi yakalala njiani kwa siku kadhaa. Haya si ya kuwatisha watu wasiende, wenyeji wanaishi na maisha yanaendelea fresh tu. Ila mtu anayekuuzia hoteli ya ndoto bila kuyataja anakuficha kitu.

Watu wa kule si wageni wa ndoto za kuletewa. Waingereza walikuja na mpango wa karanga mwaka 1947, wakajenga bandari, wakatandika reli mpaka Nachingwea, karanga zikagoma, mpango ukafa mwaka 1951, reli baadaye ikang'olewa. Kisha ikaja gesi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na ilipoanza kunukia kweli kweli watu wakaambiwa Mtwara inakuwa Dubai. Viwanja vikapanda bei, hoteli zikaota kama uyoga. Mwaka 2013 zikaja vurugu za bomba, nyumba zikachomwa, watu wakapoteza maisha. Mwaka 2015 bomba likafika Dar. Wengi wanaomkomentia staa mioyo ya kijani leo wanapika kwa umeme wa gesi hiyo na hawajawahi kufika Madimba. Kila ndoto inayokuja inaanza na mtu wa kusini kuachia kitu, na malipo yanakuja nyuma, yakija.

Wa pili wa kuguswa ni yule msanii mwenye asili ya huko huko. Jina halitatajwa, wenyewe mnamjua. Kila akipanda jukwaani anavaa kinyago cha mapiko mgongoni na kusema kusini kwanza. Safari hii ameishea video ya staa na maneno "nyumbani kunaitwa". Kama alilipwa, aseme. Kama hakulipwa, inatia aibu zaidi. Huyu anajua kangomba ni nani, amekula muhogo wa mashamba yale. Alitakiwa awe wa kwanza kuuliza kikao cha kijiji kilikaa lini.

Na mashabiki nao. Miaka nenda rudi vichekesho vya Wamakonde ndiyo mtaji wa mitandao, mara wanakula hiki, mara washamba. Hata neno machinga linasemwa limetoka kwa vijana wa kusini waliokuja kuuza barabarani. Leo ghafla washamba hao wana ardhi nzuri na wote mnataka ishirini kwa ishirini.

Anayetaka kweli utalii wa kule njia zipo. Mikindani pale kuna boma la Wajerumani la mwaka 1895. Halikubomolewa kupisha vibanda vya Maldives, lilikarabatiwa likawa hoteli, na vijana wa pale pale wakajifunza kazi humo. Kijiji kinaweza kupima ardhi yake, kila mtu akapata hati yake ya kimila, na mwenye hela akakodi eneo kwa miaka, mti ukabaki wa bibi na kodi ikaingia. Hiyo haina video tamu. Inataka vikao, na vikao havina gauni jeupe.

Jana usiku ile posti ilifutwa. Asubuhi imerudi, safari hii bila neno Mpapura, Maldives imebaki, na bei imepanda hadi milioni moja na nusu. Mjukuu wa Mbagala bado hajalipwa ile nusu nyingine, na namba ya dalali haipatikani. Bibi kafunga kamba kuzunguka miti iliyobaki, kamba ile ile waliyoiacha wapimaji, na anamtafuta mwenyekiti wa kijiji tangu Jumatatu. Mnada wa korosho kwa kawaida unaanza Oktoba.