Wingi wa Kazi na Uamuzi wa Njia

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kuwekewa makao makuu yake Bariadi, ni nguzo ya kilimo cha pamba nchini Tanzania, na yeyote anayeutazama kuanzia mvua za Novemba hadi ununuzi wa pamba unapofunguliwa katikati ya mwaka hawezi kudai kwamba watu wake ni wavivu. Hoja ya toleo hili ni kwamba msimu humpa mtu kazi ya kila siku bila kumpa mwelekeo, yaani lengo alilolichagua mwenyewe, ambalo kwalo hupima kazi ipi iendelee na ipi iachwe.

Historia ya pamba yenyewe inaionyesha tofauti hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa eneo ambalo wakoloni waliliita Jimbo la Ziwa walilima na kuchuma kwa bidii, huku wakilalamika kwamba mizani ya wanunuzi iliwapunja. Kwa Paul Bomani, aliyekuwa akiutumikia ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, swali halikuwa ekari ngapi zilimwe, bali nani apime na kuuza kilichokwisha kulimwa. Alizunguka vijijini kuwaunganisha wakulima, chama chao kikaundwa mwaka 1952, kisha akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Safari hiyo ya masomo inastahili kutafakariwa kuliko ukubwa wa shirikisho, kwa kuwa mtu aliyezungukwa na shughuli za dharura alikubali kuziacha kwa muda ili ajifunze jambo moja ambalo kazi yote ililihitaji.

Ipo hoja nzito ya kupinga, nayo haipaswi kupuuzwa. Mahali ambapo mvua hukatika bila taarifa, kijana anayelima pamba, mtama na choroko, akafuga mbuzi na kuendesha bodaboda siku za gulio, anajikinga na njaa, na kumwita mtu asiye na mwelekeo ni kumdhulumu. Hata hivyo, anayebeba abiria ili akusanye mtaji wa mashine ya kukamua alizeti ana njia, ingawa siku yake imetawanyika. Anayewabeba kwa sababu tu wenzake wote wamenunua pikipiki bado hajaichagua njia yake.

Serikali nayo imejaribu kuchagua njia: mkoa ulipohimiza mkakati wa wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja, kikundi cha vijana wa Maswa kilijikita katika kutengeneza chaki, bidhaa ambayo kila darasa huihitaji. Mkakati wa serikali, hata uwe mzuri kiasi gani, huichagulia wilaya bidhaa. Haumchagulii mtu maisha, na shule, ambazo humzoesha mwanafunzi kujaza ratiba, mara chache humfundisha kuhoji ratiba hiyo ni ya nini.

Msomaji anaombwa, kabla ya kuifungua makala ya kwanza, aitaje kazi moja anayoifanya kwa mazoea tu, na aamue kama ataiendeleza.