Chachu ya busaa yaeleza kwa nini mgonjwa wa mionzi hafai kukatiza tiba

MGONJWA wa saratani kutoka Kisii au Nyamira anapoambiwa kuwa atapigwa mionzi siku tano kila juma, kwa majuma matano au zaidi, swali la kwanza huwa nauli. La pili ni kwa nini mionzi hiyo isitolewe yote kwa siku moja ili arudi nyumbani kuchuma majani chai.

Jibu la swali la pili limo katika kiumbe ambacho wakazi wa Gusii wamekifuga vyunguni tangu zama za mababu bila kukiona. Miongoni mwa vijidudu vinavyochachusha busaa imo Saccharomyces cerevisiae, chachu ileile inayouzwa madukani kama hamira ya mkate. Ni seli moja tu, yenye kromosomu 16 na jeni zipatazo 6,000, ambazo wanasayansi walimaliza kuzisoma mwaka wa 1996.

Mionzi inapopenya seli, hukata DNA. Kwa kuwa DNA ina nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, ukikatika mmoja, ule mwingine hutumika kama kielelezo cha kuurekebisha. Hatari kubwa ni zote mbili zikikatika mahali pamoja. Hapo chachu hutafuta nakala nyingine ya kromosomu hiyo na kunakili kutoka kwayo sehemu iliyopotea. Ndiyo maana chachu yenye seti mbili za kromosomu hustahimili mionzi kuliko yenye seti moja.

Kazi hiyo huongozwa na jeni zilizopewa jina la RAD, kutokana na neno la Kiingereza la mionzi. Chachu isiyo na RAD52 yaweza kufa kwa mkato mmoja au miwili tu ya aina hiyo. RAD51 nayo ina ndugu yake katika mwili wa binadamu, na protini ya BRCA2 ndiyo huifikisha penye jeraha. Mwanamke aliyerithi hitilafu katika jeni ya BRCA2 hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti na ya ovari.

Hata hivyo, kukarabati kunahitaji muda. Mwaka wa 1988, Ted Weinert na Leland Hartwell wa Marekani walionyesha kuwa jeni ya RAD9 huizuia chachu iliyojeruhiwa isigawanyike kabla ya kupona. Ikikosekana, seli hugawanyika na majeraha yake, kisha nyingi hufa. Hartwell alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2001.

Madaktari hutegemea tofauti hiyo. Dozi ya kawaida, takriban grei mbili kwa siku, huacha saa nyingi ambamo seli nzima hujirekebisha, ilhali seli nyingi za saratani zina kasoro katika breki au katika ukarabati wenyewe. Dozi yote ikitolewa kwa mpigo, nyama nzima ingeungua pamoja na uvimbe. Lakini pengo likirefuka, seli za saratani zilizosalia huongezeka tena, na dozi iliyopangwa haitoshi.

Hapa ndipo swali la nauli linapogeuka kuwa suala la tiba. Kwa miaka mingi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa tegemeo la wagonjwa wa Gusii waliohitaji mionzi katika hospitali ya umma, mwendo wa takriban kilomita 300. Mpango wa kituo cha saratani mjini Kisii, kwa mkopo wa Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia, nao ulikumbwa na mivutano na kucheleweshwa.

Mashine yenyewe pia huweza kukatiza tiba. Mwaka wa 2016, mashine ya pekee ya mionzi nchini Uganda, katika hospitali ya Mulago, iliharibika, na mpya ikazinduliwa mwaka wa 2018.

Mgonjwa wa Nyamira anayerudi nyumbani juma la tatu kwa kukosa pa kulala Nairobi huathirika sawa na yule ambaye mashine imemharibikia. Kwa hiyo gharama ya kitanda na chakula karibu na mashine ni sehemu ya dozi, na yafaa iwekwe katika bajeti ya saratani pamoja na dawa.