Mtungi jikoni, hesabu ya darasani: Kile Embakasi ilitufunza kuhusu gesi

IKIWA ulipitia Kidato cha Tatu, bila shaka unaikumbuka ile fomula: presha mara ujazo, gawanya kwa halijoto. Wengi wetu tuliikariri, tukaiandika kwenye mtihani, tukaisahau kabla hata matokeo kutoka.

Usiku wa Alhamisi, Februari 1, 2024, fomula hiyo ilitoka daftarini ikaingia mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi. Lori lililobeba gesi ya kupikia lililipuka mwendo wa saa tano na nusu usiku. Watu walifariki, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, nyumba na magari yakateketea.

Kulipokucha, gumzo likawa la vibali. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi hapo mara tatu mwaka wa 2023: Machi 19, Juni 20 na Julai 31. Sababu? Michoro haikutimiza viwango vya usalama, na wakazi walikuwa wengi mno karibu na ploti hiyo. Ni haki kuuliza nani alifumba macho. Lakini hebu nikuulize swali ambalo halikuulizwa sana: kwa nini umbali unahesabika hivyo?

Mwaka wa 1662, Robert Boyle alieleza kwamba ukipunguza ujazo wa gesi, presha yake inapanda. Propani na butani, ambazo ndizo gesi yetu ya kupikia, ukizibana vya kutosha hugeuka kimiminika. Ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia kitu kikichezacheza ndani. Sasa geuza hesabu. Kilo 13 za propani, ambazo mtu wa boda anazibeba bila shida, zikitoka zote nje kwa nyuzijoto 25 zinajaza zaidi ya lita 7,000. Hiyo ni Mombasa. Nairobi iko juu na presha ya hewa ni ndogo, kwa hivyo gesi ile ile inatanuka kwa karibu sehemu moja kwa tano zaidi, yaani lita 8,000 na ushei.

Lakini si lazima chumba kijae gesi ndipo kilipuke. Propani inahitaji takriban asilimia 2 tu ya hewa ya chumba. Chukua bedsita ya futi 10 kwa 10, dari futi 8. Piga hesabu: chini ya kilo moja ya gesi inatosha. Ule mtungi mdogo wa kilo 6 una uwezo wa kufanya hivyo zaidi ya mara sita. Na tani moja, ikisambaa sawasawa, inatosha vyumba zaidi ya 1,000 vya aina hiyo. Isitoshe, gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipai ikapotea, inatambaa chini, inapita chini ya mlango, inatafuta jiko la jirani. Hapo ndipo penye maana ya umbali.

Halijoto nayo? Hapa ndipo tulipodanganyika shuleni, au tuseme hatukumaliziwa hadithi. Kwa gesi tupu, kutoka nyuzi 27 hadi 54 si kuongeza presha maradufu, kwa sababu tunahesabu kwa Kelvini: 300 hadi 327, nyongeza ya asilimia 9 pekee. Si kitu, au siyo? Lakini mtungi wako una kimiminika ndani, na kikipata joto kinazidi kugeuka mvuke. Kwa propani, safari hiyo hiyo ya nyuzi 27 inakaribia kuongeza presha mara mbili. Kwa hivyo wale wanaochovya mtungi kwenye maji moto ili “gesi iishe vizuri” wanacheza na hesabu wasiyoijua.

Kibaya zaidi ni mitungi inayojazwa kinyemela vichochoroni. Anayejaza kihalali huacha takriban sehemu moja kwa tano ya nafasi, ili kimiminika kipate pa kutanukia. Anayekujazia uani usiku hana mizani wala haja ya kuacha nafasi. Mtungi ukijaa pomoni kisha ukaachwa juani, kimiminika hakibaniki. Kinachobanika ni chuma.

Tangu 2023 serikali iliiondolea gesi VAT, na ni hatua nzuri, maana moshi wa makaa nao unaua. Lakini mitungi ikiongezeka mitaani, wakaguzi nao waongezeke. Ukiona malori ya gesi yakiingia ploti ya jirani usiku, ulizia kibali cha EPRA. Na ukinusa gesi nyumbani, usiguse swichi ya taa, iwe ni kuwasha au kuzima. Funga mtungi, fungua mlango, toka nje, kisha ndipo upige simu.