Homa ya ini haina mpaka, matibabu nayo yasiwe na mpaka

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo anazijua karatasi zake: kitambulisho, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Wasichokijua wengi ni kama wamebeba pia kirusi cha homa ya ini aina ya B au C.

Si uzembe wao. Ini halilalamiki mapema. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na aina ya B na milioni 50 na aina ya C. Kati ya wenye aina ya B, asilimia 13 tu walikuwa wamegunduliwa.

Katika miaka hiyo ya ukimya, kazi ya uharibifu inaendelea. Ini linaloshambuliwa kila siku hujaa makovu. Makovu hubana mishipa na kupunguza oksijeni, nazo seli hutoa protini, mojawapo ikiitwa VEGF, zinazochochea mishipa mipya ya damu iote. Mishipa hiyo huota ovyo. Badala ya kuponya, huchangia makovu kuenea, na saratani ikiingia huilisha. Damu inayoshindwa kupenya ini hutafuta njia za panya, ikiwemo mishipa ya umio. Ikipasuka, mgonjwa hutapika damu.

Watafiti waliopima protini hizi wameona kuwa mara nyingi huongezeka kadiri ini linavyoharibika. Ni matumaini mema, lakini bado ni kazi ya maabara za utafiti, si kipimo cha zahanati. Hatuna sababu ya kukisubiri. Tone la damu linatosha kuonyesha dalili za maambukizi, na vipimo vya vimeng'enya vya ini na chembe sahani husaidia kukadiria makovu.

Dawa nazo zipo. Aina ya C hupona kwa vidonge vya takriban wiki 12. Aina ya B hudhibitiwa kwa tenofovir, dawa ambayo nchi zetu tayari zinaitumia kwa wanaoishi na VVU. Lakini anayeitumia hapaswi kuikatisha kiholela, kwani ugonjwa unaweza kurudi kwa ukali. Kwa mtu ambaye soko lake liko ng'ambo ya mpaka, kuishiwa vidonge safarini si jambo dogo.

Ni rai yetu kwa wizara za afya za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwamba upimaji wa hiari uwekwe kwenye vituo vya pamoja vya mpakani, na kadi ya kliniki ya nchi moja imwezeshe mgonjwa kupata dawa katika nchi nyingine. Kipimo kiwe huduma, kisigeuzwe kikwazo kipya cha biashara.

Kwa wafanyabiashara, tunasema: pimeni, na ambaye hana kirusi cha B apate chanjo. Mwenzenu akikutwa nacho msimtenge sokoni, maana aina hizi haziambukizwi kwa kupeana mikono wala kula sahani moja. Mzigo ukikwama forodhani hulipiwa ukatoka. Ini likishakauka kwa makovu, gharama yake ni ya familia nzima.