FEDHA YA ZUIO IRUDISHWE KWA WAKATI

Apandaye milima ya Upare kutoka mji wa Same wakati wa masika hahitaji kuelezwa kwa nini mkandarasi halipwi fedha yote siku amalizapo kazi. Mwezi Novemba 2009 maporomoko ya ardhi yaliua watu huko Mamba Miamba. Katika miteremko ya namna hiyo ukuta wa shule, kalvati na bomba la maji huonekana imara wakati wa kiangazi. Mvua ndiyo mkaguzi wake.

Hiyo ndiyo kazi ya fedha ya zuio, yaani sehemu ya kila malipo inayobaki mikononi mwa mwajiri. Mikataba ya mfano ya FIDIC ya 1999 hurudisha nusu kazi inapopokewa, na nusu ya pili kipindi cha matazamio kikiisha. Twaiunga mkono kanuni hiyo, na kwa Upare twaomba kipindi hicho kisikose kupitia vuli na masika. Mradi wa maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu ulizinduliwa Machi 2025. Wananchi wa Same na Mwanga waliungoja miaka mingi, nao hawastahili bomba la msimu mmoja.

Lakini fedha hiyo ina mwenyewe. Mkandarasi mkubwa aweza kungoja. Fundi aliyepewa kipande cha kazi na mkandarasi huyo, akachukua saruji kwa mkopo, hawezi. Fedha yake ikichanganywa na ya matumizi, huliwa kabla ya siku yake, naye hubaki kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Msomaji wa visiwani asidhani hayo ni ya milimani tu. New Zealand nayo ni visiwa. Kampuni ya Mainzeal ilipofilisika huko mwaka 2013, wakandarasi wadogo walipoteza fedha zao za zuio. Sheria ikarekebishwa, na tangu Machi 31, 2017 fedha hiyo hushikwa kama amana.

Bara ina Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na Zanzibar ina yake ya 2016. Twawaomba maofisa wa pande zote mbili waanze na mikataba iliyo mezani: fedha ya zuio iwekwe katika akaunti yake, tarehe ya kuirudisha iandikwe, na anayetaka kuendelea kuizuia ataje kasoro kwa maandishi. Mkandarasi mkuu naye, akisharudishiwa nusu yake, alete katika siku 14 stakabadhi za mafundi aliowazuilia.