WRX AU ALTEZZA? MDOGO WANGU ANATAKA NIKOPE

1.
Leo siongelei presha wala chanjo. Naongelea magari, na kaka zangu mtulie kwanza mnisikilize, mtanipinga baadaye.

Mdogo wangu yupo machimboni Buhemba, na mwaka huu mambo yamemnyookea kidogo. Anataka gari. Ameona mawili: Subaru Impreza WRX iko Mwanza, na Toyota Altezza iko hapa hapa Musoma, Nyasho. Moyo wake uko kwenye WRX. Hela yake haifiki, na kilichopungua anataka mimi nikope kwa dhamana ya mshahara, nikatwe miaka mitatu. Kwa hiyo hapa sitoi maoni ya kijiweni. Natoa maoni ya mtu atakayekatwa.

2.
Hoja yake ni farasi tu. WRX ya umbo lile la kuanzia mwaka 2000 inatoka kiwandani na nguvu ya farasi 250, na ile STI yenyewe 280. Altezza aliyoiona ni ya silinda sita, AS200, farasi 160. Akaniambia, "Dada, hiyo hata Altezza yenyewe siyo. Altezza ni RS200."

Hapo hajadanganya. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, farasi 210 ukichukua ya gia ya mkono, na haina tabo. Injini tamu. Lakini dogo hajaona RS200 inayouzwa, ameona AS200. Na mimi nasema bora alivyoona hiyo.

3.
Kabla hamjasema huyu ni shabiki wa Toyota, naomba nikiri kitu. Injini ya Toyota nimewahi kuiua mwenyewe.

Nilikuwa natoka Bunda jioni, kesho yake nina zamu ya asubuhi. Nimeshapita Balili, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikajisemea nitafika tu, Musoma siyo mbali. Karibu na Kiabakari nikaanza kusikia ko-ko-ko chini, kama mtu anagonga mlango. Nikaongeza sauti ya redio (msicheke). Nilivyosimama haikuwaka tena. Imenoki. Fundi aliyekuwa amemwaga oili siku tatu nyuma hakukaza nati ya chini vizuri, oili yote iliishia barabarani. Kosa lake lilikuwa nati. Kuendelea kuendesha na taa inawaka lilikuwa kosa langu, mimi ambaye nikiona presha ya mgonjwa imeshuka nakimbia.

Tangu hapo nikiambiwa "hii gari haifi" nanyamaza tu. Zote zinafa. Swali langu ni gari ipi inakusamehe ukikosea mara moja.

4.
Na WRX haisamehi. Injini yake ni EJ20, silinda zimelala, mbili upande huu mbili upande ule, na tabo juu. Ile tabo inazunguka kwa kasi ya ajabu na inategemea oili kwa ulainishaji na kwa kupozwa. Zile zenye mfumo wa AVCS zina kichujio kidogo sana kwenye bolti ya njia ya oili inayokwenda kwenye tabo. Oili ikichelewa kubadilishwa, uchafu unaziba pale, tabo inakufa njaa, na vyuma vyake vinaweza kurudi ndani ya injini.

Halafu inakula oili. Siyo zote, lakini kwa gari ya umri huo iliyokimbizwa na watu wawili watatu, tegemea. Usipochomoa stiki kila wiki ukaangalia, siku moja oili iko chini, unakata kona kwa kasi, beringi za konrodi zinakauka. Ukifika hapo ni kushusha injini. Na mkanda wa taiming ukifika kilomita 100,000 unabadilishwa, hakuna mjadala. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni.

Najua mtaniletea Safari Rally. Ndiyo, Colin McRae alishinda Kenya mwaka 1997 na Impreza, na Richard Burns akashinda nayo mwaka 2000. Lakini McRae alikuwa na timu nzima ya mafundi inamsubiri na spea mpya. Dogo Buhemba atasubiriwa na nani?

5.
Kuna jambo dogo watu hawaliongelei. Hizi gari za Kijapani za kasi, WRX na hata RS200, zimetengenezwa kunywa petroli ya daraja la juu. Fungua kifuniko cha tangi, mara nyingi kuna kibandiko cha Kijapani kinasema hivyo. Sheli ninayojaza mimi kuna petroli na dizeli, basi. Tabo na petroli isiyotosha, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na wanaolipia ni pistoni. Taratibu, bila wewe kusikia.

6.
Sasa AS200. Injini yake ni 1G-FE. Hilo jina wengi hamlijui, ila injini mnaijua: ni hiyo hiyo ya GX110. Ni fundi gani Musoma hajawahi kufungua GX110? Spea zake hazitakufanya utume hela Dar ukae wiki mbili unangoja basi. Haina tabo. Mkanda inao nao, sitaficha, ila kubadilisha hakumtishi mtu.

Na niitendee haki Subaru. Inavuta tairi nne. Masika ukiacha lami kuingia vijijini huko Butiama, Altezza ni ya chini na inasukuma nyuma, tope linaipeleka mkia inakotaka. Kwa hilo WRX inaipita mbali sana, na mdogo wangu barabara zake ni hizo. Kama angekuwa mtu wa kuchomoa stiki kila Jumapili, ningesita. Namjua. Pikipiki yake mnyororo unalia tangu Krismasi.

7.
Sijasema lile linaloniuma zaidi. Nimefanya kazi mapokezi ya majeruhi. Vijana wanaletwa usiku na pochi mfukoni na ufunguo wa gari bado mkononi. Mama yetu ana watoto wa kiume wangapi? Mmoja. Ndiyo maana nikisikia farasi 250 siwezi kuhesabu hela peke yake.

8.
Nimempa jibu jana. Mkopo wa WRX sichukui. Altezza inatosha kwa hela yake mwenyewe, mimi nitalipia mkanda, oili na bima ya mwaka wa kwanza. Amesoma meseji, hajajibu.

Nimeshaongea na mwenye gari pale Nyasho. Jumamosi saa moja asubuhi tunafika na fundi, na nimemwomba asiiwashe kabla hatujafika. Nataka kuisikia ikiwaka ya baridi, nione moshi una rangi gani.

Wenye WRX mnaopiga Mwanza–Musoma kila wiki, semeni ukweli: kwa mwezi mnaongeza oili lita ngapi?