JE, MWAJUA? Idi Isiyongoja Mavuno



Ukurasa wetu wa mwezi huu ni deni tunalolilipa kwa mtoto mmoja wa Bariadi. Ilikuwa Idi el-Fitri ya mwaka 2025, iliyoangukia siku ya mwisho ya mwezi wa Machi, nasi tulikuwa wageni wa mkulima mmoja nje kidogo ya mji. Mazao yalikuwa yangali shambani, na kihenge kilikuwa kimefika chini. Mama wa nyumba alikuwa akigawa wali kwa hesabu, ili umfikie kila aliyeketi. Kijana wa miaka tisa hivi akaitazama sahani yake, kisha akamgeukia babu yake akasema, "Babu, kwa nini Idi isingoje mavuno?"

Watu wote wakacheka, isipokuwa yule mzee. Yeye alimwambia, "Mjukuu wangu, umeuliza jambo kubwa. Waulize wageni wetu hawa, maana wao ndio watu wa kalamu." Tukaahidi kumjibu. Basi haya ndiyo majibu yetu, nasi tumeyapanga kwa desturi ya ukurasa huu, jambo baada ya jambo, ili nanyi wasomaji mpate kuulizana nyumbani baada ya chakula cha jioni.

1. Je, mwajua ya kuwa Mkoa wa Simiyu wenyewe ni kijana? Ulianzishwa mwaka 2012. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka katika Mkoa wa Shinyanga, na Busega ilitoka upande wa Mwanza. Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Lakini kalenda ya watu wake ni ya zamani sana, nayo huendeshwa na mvua. Mvua huanza kunyesha kama mwezi wa Novemba, na hapo ndipo pamba hupandwa. Soko la pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Mei. Na kabla ya tarehe 15 Septemba mkulima hutakiwa awe amekwisha kung'oa miti yake ya pamba na kuichoma, ili wadudu wasipate maficho ya kungojea msimu mwingine.

2. Je, mwajua ya kuwa karibu kila furaha ya mkulima hukifuata kihenge? Ndoa za Usukumani, zenye kutolewa mahari ya ng'ombe, hupendelewa kufanywa baada ya mavuno. Kadhalika mashindano ya ngoma, ambayo Wasukuma wamejulikana kwayo tangu zamani. Wachezaji wamegawanyika makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu, yaliyopata majina yao kwa Ngika na Gumha, waganga wawili walioshindana katika karne ya 19. Makundi hayo mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Zamani kila upande ulitafuta dawa za kuvutia watu. Kwetu sisi Waislamu dawa za namna hiyo hazina ruhusa, kwani anayegeuza nyoyo ni Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini hekima ya majira yake hatuwezi kuikataa: mwenye njaa hachezi, wala mwenye palizi hana nafasi ya kutazama.

Hata sikukuu za dola hazikusahau jambo hili. Nane Nane, siku ya wakulima, huangukia mwezi wa Agosti, wakati jembe limepumzika. Na watu wa Bariadi wana fahari nayo, kwa kuwa katika miaka ya 2018, 2019 na 2020 maadhimisho yake ya kitaifa yalifanyika kwao, katika viwanja vya Nyakabindi.

Basi mtoto akizaliwa na kukua katika nchi kama hii, ambayo shangwe huja baada ya chakula, ana haki ya kuuliza kwa nini Idi isifanye vivyo hivyo.

3. Je, mwajua ya kuwa wako watu waliowahi kuilazimisha miezi ingoje? Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na miezi ya mwandamo kama hii yetu, na majina ya baadhi yake yangali yakinukia majira. Ramadhani limetokana na neno la joto kali, na Rabii maana yake ni majira ya machipuko. Lakini watu wale walikuwa wakiisogeza miezi mitukufu ili ipatane na vita vyao na haja zao, na tendo hilo waliliita nasii. Kur-ani Tukufu ikalikataza katika Sura At-Tawba, aya ya 36 na ya 37, na kuithibitisha hesabu ya miezi 12 bila ya kuongezwa wala kusogezwa.

Mwaka wa miezi 12 ya mwandamo una siku 354, au pengine 355. Mwaka wa jua una siku 365. Kwa hiyo kila mwaka Idi hurudi nyuma kwa siku 10 au 11, na katika miaka kama 33 huwa imekwisha kuzitembelea siku zote za mwaka, za mvua na za kiangazi. Wakazi wa Bariadi wenyewe wameliona hilo: mwaka 2013 Idi el-Fitri iliwakuta katika siku zile zile za Nane Nane, vihenge vimejaa; na mwaka 2025 ikawakuta mwezi wa Machi.

Tazameni uadilifu uliomo. Lau mfungo ungefungwa katika majira moja, wako watu duniani ambao wangefunga siku ndefu za joto maisha yao yote, na wengine siku fupi za baridi. Kwa mwendo huu kila umma hupata zamu yake, ya uzito na ya wepesi.

4. Je, mwajua ya kuwa mwaka mmoja unaweza kuwa na Idi el-Fitri mbili? Mwaka 2000 ulikuwa hivyo: moja ilikuwa mwanzoni mwa Januari, na ya pili mwishoni mwa Desemba. Kwa hesabu za wataalamu wa nyota, Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili katika mwaka 2030, na Idi el-Fitri kuja mara mbili mwaka 2033. Vijana mnaosoma ukurasa huu, andikeni miaka hiyo katika madaftari yenu, na Mungu akitupa uhai tutakumbushana.

5. Je, mwajua ya kuwa Waswahili waliihesabu miezi yao kwa kuanzia Idi? Baada ya Ramadhani walisema Mfunguo Mosi, yaani mwezi wa kwanza tangu watu wafungue. Na wengine husema Mfungo Mosi. Kisha Mfunguo Pili, na Mfunguo Tatu ambao ndio mwezi wa Hija na wa Idi ya kuchinja. Mfunguo Sita ndio mwezi aliozaliwa Mtume wetu (s.a.w.). Wakafika Mfunguo Tisa, kisha ikaja Rajabu, na Shaabani, na Ramadhani tena.

Na tukiwa katika habari za hesabu, ulizeni watoto wenu: ni siku zipi mbili katika juma ambazo zote maana yake ni "ya tano"? Jibu ni Jumatano na Alhamisi. Jumatano ni ya tano kwa hesabu yetu ya mosi na pili, inayoanzia Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa. Alhamisi ni ya tano kwa hesabu ya Waarabu, inayoanzia Jumapili. Lugha yetu ikazipokea zote mbili, wala hazikugombana.

6. Je, mwajua ya kuwa majira ya Usukumani huandikwa katika majina ya watu? Mvua kwa Kisukuma ni mbula, na mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula, wa kike Kabula. Pacha ni Kulwa na Doto, majina ambayo sasa yameenea Tanzania nzima, na mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Njaa ni nzala, na liko jina la kike la Nyanzala, linaloukumbusha mwaka wa shida.

Huulizwa mara nyingi kama Mwislamu anaweza kubaki na jina la kwao. Jina lenye maana njema halimharamikii mtu kwa kuwa si la Kiarabu. Na mwenye jina la Nyanzala asione haya, kwani jina lake lashuhudia kwamba wazazi wake walipita katika njaa na Mwenyezi Mungu akawavusha pamoja naye.

7. Sasa tumefika kwenye shina la jambo. Je, mwajua ya kuwa Idi el-Fitri imepewa chakula chake yenyewe? Chakula hicho ni Zakatul-Fitri, iliyofaradhishwa mwaka wa pili wa Hijra, mwaka ule ule wa kufaradhishwa saumu. Kipimo chake ni pishi moja, nayo ni vibaba vinne, na kila kibaba ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri. Kwa mizani za leo hukadiriwa kilo mbili na nusu hadi tatu. Hutolewa kwa kila kichwa cha nyumba, mpaka mtoto mchanga, kabla ya watu kusali Idi.

Madina walitoa tende na shayiri, kwa kuwa ndicho chakula chao. Katika madhehebu ya Shafii hutolewa chakula kikuu cha mahali, tena punje na si unga. Basi huku kwetu ni mahindi, mtama au mchele. Na haimlazimu tajiri peke yake. Humlazimu kila mwenye ziada juu ya chakula chake na cha watu wake kwa usiku na mchana wa Idi. Maskini anayepokea kutoka kwa watu wawili aweza naye kujikuta ana cha kumpa wa tatu.

Kwa hiyo tunamjibu yule kijana: Idi haingoji mavuno kwa sababu haikutegemezwa juu ya kihenge cha mtu mmoja. Imetegemezwa juu ya pishi ya jirani. Ikija mwezi wa Julai, pishi hiyo ni nyepesi kutoa, na wachache huihitaji. Ikija mwezi wa Machi ni nzito, na ndipo inapohitajiwa.

Na hapa tuna nasaha kwa wenye nyumba. Kwa mwendo tuliouhesabu, Idi el-Fitri inazidi kurudi nyuma kuelekea Februari na Januari, miezi ya palizi na ya vihenge vyepesi. Atakayesubiri Ramadhani iingie ndipo atafute fitri, ataikuta bei ya mahindi imepanda. Basi mavunoni, siku mnayoanika nafaka, wekeni debe la Idi. Nyumba ya watu sita, kwa kilo tatu kila mmoja, ni kilo 18, kadiri ya debe moja la mahindi. Likaushwe vizuri, lifungwe, na watoto waambiwe ni la nini. Kuliweka akiba siko kulitoa. Fitri itatolewa kwa wakati wake na kwa nia yake. Lakini itakuwa ipo.

8. Mwisho, je, mwajua ya kuwa sahani ya Idi haina mpaka? Fitri ina wenyewe waliotajwa na sharia, lakini chakula cha kukirimu jirani ni mlango mwingine. Imepokewa kwamba Abdullahi bin Amri, sahaba wa Mtume, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akiusia sana juu ya jirani. Waislamu wa Bariadi wamekaa kati ya majirani wengi wasio wa dini yao, na majirani hao huwaletea michembe na maziwa bila kuuliza dini. Asubuhi ya Idi mtoto atumwe na sahani, aamkie "Mwangaluka" mlangoni, naye atajibiwa kwa furaha.

Tunamaliza kwa maswali ya vijana, na majibu yake yatatoka mwezi ujao, inshaallah. La kwanza: kwa nini usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wake? La pili: saa moja yetu ya asubuhi imehesabiwa tangu kitu gani? La tatu mwulizeni babu au bibi: Idi iliyokukuta na njaa kuliko zote ilikuwa ipi, na ni nani aliyekuletea pishi?

Wassalaam alaykum.